Jasho la Ukuta

Ukuta ulikuwa unatoka jasho. Mama Rangi aliuona tangu mlangoni, kabla hata hajavua viatu, akajua papo hapo kwamba hii si kazi ya kupitisha brashi mara moja na kuaga. Rangi ya samawati ilikuwa imevimba malengelenge kuanzia usawa wa kitanda kwenda juu, na kila lengelenge lililopasuka lilichuruzika maji mazito ya manjano, kama usaha wa kidonda.

"Nilipokupigia simu ulidhani natia chumvi," alisema mwenye nyumba. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole ambaye hata akikasirika sauti yake hubaki ile ya kuwaambia watoto wakae chini. Leo haikubaki. "Rangi hata haijazoeleka machoni, Mama Rangi! Mume wangu yuko safarini na lori. Akirudi akikuta hivi, nimweleze nini?"

"Tutarekebisha, Mwalimu. Ni unyevu tu huu, na mvua zenyewe unaziona..."

"Unyevu ulikuwepo tangu mwanzo. Ndiyo maana nikaita fundi."

Mama Rangi alisogea karibu na ukuta, akainama, akavuta hewa. Pua yake ilikuwa imekaa na rangi miaka mingi. Ilijua rangi ya maji, ya mafuta, thina, gundi, mpaka chokaa iliyolala. Harufu hii haikuwa yoyote kati ya hizo. Ilikuwa kali, yenye kunata kooni, kama kitunguu saumu kilichoozea kwenye mafuta ya taa. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mvua. Alihisi kichwa kikimwanga.

Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi ukutani, na juu yake alilala binti wa Mwalimu, mtoto wa umri wa kuanza kujua kuandika jina lake. Shavu lake lilikuwa juu ya mto uliolowa mate.

"Mafua," alisema Mwalimu, akimfuta mdomo kwa upindo wa kanga. "Tangu juzi. Usiku katapika. Nilitaka nimpeleke zahanati mvua ikipungua."

Mama Rangi alitazama mkono wa mtoto. Kucha zilikuwa na rangi ya samawati. "Anaubandua?"

"Anayabonyeza hayo malengelenge. Namkataza, nikigeuka karudi. Kidole hicho hicho mdomoni. Watoto, si unawajua."

Mtoto alifumbua macho. Doa jeusi la katikati ya jicho lilikuwa dogo mno, kama tundu la sindano, ilhali chumba kilikuwa na kiza cha mawingu. Mama Rangi hakujua maana yake. Lakini moyo ulimlipuka, mikono ikaanza kumtoka jasho kama ule ukuta.

"Mtoe humu," alisema.

"Nini?"

"Mtoe mtoto humu chumbani, Mwalimu. Fungua madirisha. Halafu mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje mvua."

"Kwani kuna nini? Mbona unanitisha?"

"Sijui," alijibu Mama Rangi. Ni kweli, hakujua. Ila alikwisha jua ni nani anayejua.

Shemeji yake walimwita Chapuchapu, na jina lenyewe alijipa mwenyewe. Alikuwa kitinda mimba kwa mama yake, kijana mcheshi, mwepesi wa kupanda ngazi na mwepesi zaidi wa kushuka. Mama Rangi alimchukua kazini baada ya mumewe, kaka wa kijana huyo, kumbembeleza sana, na kwa kweli alikuwa na mkono mzuri. Alimkuta nyumbani kwao, uani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasuuza brashi huku akiimba.

"Kule kwa Mwalimu uliweka nini kwenye rangi?"

"Rangi," alijibu, akicheka.

"Sina muda wa mchezo. Uliweka nini?"

Wimbo ulikatika. Chapuchapu aliitazama brashi kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Dawa kidogo tu, shemeji. Ya ukungu. Ukungu ule ungerudi, halafu ungenilaumu mimi. Kuna jamaa mmoja anapulizia mashamba, ndiye aliyenigawia. Anasema ukiipiga hiyo, hata mende wanahama ukoo mzima." Alijaribu kucheka tena, kicheko kikamkwama. "Ukuta si ulitoka mzuri?"

"Dawa gani?"

"Chupa haina karatasi."

"Dawa gani, wewe?"

"Ya wadudu waharibifu. Hizo za shamba. Kwani kuna mtu kafa?"

Mama Rangi alijikuta amekaa chini, kwenye saruji yenye maji. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa kwenye ile kazi ya ofisi. Si ulisema nimalizie pale peke yangu, nisikupigie simu kwa kila kitu?"

Ndivyo alivyosema Mama Rangi. Alishika kazi mbili kwa mpigo, kwa sababu zilikuja kwa mpigo, na baada ya miezi ya ukame wa kazi nani angeiachia mojawapo? Siku chumba cha mtoto kilipomalizwa alipita kwa Mwalimu akiwa na haraka, akachungulia, akasema safi, akaondoka. Hakuingia hata ndani.

Alipiga simu kwa Mwalimu. Iliita sana kabla ya kupokewa, na nyuma ya sauti kulikuwa na kelele za honi.

"Tuko njiani kwenda hospitali kubwa. Zahanati wamemkataa. Anatetemeka mwili mzima, Mama Rangi, hapumui vizuri. Zahanati wananiuliza amekula nini, kanywa nini, mimi sijui! Sijui niwaambie nini!" Simu ikakatika, na alipopiga tena haikupatikana.

Mama mkwe hakuhitaji kusimuliwa. Pazia la mlango wa uani lilikuwa jembamba, naye masikio yake yalikuwa bado mazima. Alitoka akiwa ameshika kiuno, akamwita mtoto wake mkubwa aliyekuwa mbele ya nyumba, kwenye banda lake la kutengenezea pikipiki. Baba Kidoti alikuja akijifuta grisi, akawakuta wote wamesimama kama watu waliozunguka shimo.

Mama Rangi alieleza. Alieleza haraka, maneno yakigongana.

"Watoto wanaugua kila siku," alisema mama mkwe alipomaliza. "Mvua hizi. Homa, mafua, tumbo. Leo imekuwa rangi?"

"Mama, nimemwona kwa macho yangu."

"Wewe ni daktari?"

"Si daktari. Ndiyo maana nataka kwenda kumwambia daktari."

"Umwambie nini? Kwamba mwanangu kamlisha sumu mtoto wa watu?" Sauti ya mama mkwe ilipanda, kisha akaishusha kwa kuogopa majirani, na hivyo ikatisha zaidi. "Unajua wanavyofanywa vijana huko ndani? Ataingia mzima, atatoka kwa machela. Huyu hawezi. Mwangalie. Huyu hata sindano anaogopa."

Chapuchapu alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. Alionekana mdogo kama aliyekosea darasani.

"Tusikurupuke," alisema Baba Kidoti. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimfanya apende mambo yajimalize yenyewe. "Wacha wapime kwanza. Huenda ni malaria. Ukienda kujichongea na kumbe ni malaria, je? Tumeharibikiwa bure. Nani atakupa kazi tena mjini hapa? Na mtoto wetu Kidoti, shule yake?"

Mama Rangi alitamani kumwamini. Mwenyewe alishangaa jinsi alivyotamani. Kama mmoja wao angemwambia kwa ukali, kaa chini, hiyo ni amri, angekaa na kushukuru. Aliona askari wanaingia uani, aliona ndoo zake na ngazi zake zinapakiwa, aliona majirani wamejaa kwenye uzio wakishika vinywa.

Ila aliendelea kusikia ile sauti ndani ya gari. Sijui niwaambie nini. Mtoto amezungukwa na watu wanaouliza, na hakuna hata mmoja wa kujibu. Jibu lenyewe limekaa hapa uani, na brashi mkononi.

"Nipeleke hospitali," alimwambia mumewe.

Baba Kidoti aliangalia chini. "Tairi la nyuma halina upepo."

Pikipiki ilikuwa imesimama pale mbele yao wote. Tairi la nyuma lilikuwa limejaa.

"Ukivuka kizingiti hicho na jina la mwanangu mdomoni," alisema mama mkwe, "usiniite mama tena."

Mama Rangi alivuka. Hakuwa na ujasiri wowote. Alitembea upesi kwa sababu alijua akipunguza mwendo atageuka. Barabarani alisimamisha pikipiki ya abiria, na dereva alipouliza wanaelekea wapi, ilibidi arudie neno hospitali, kwa maana mara ya kwanza halikutoka.

Getini mlinzi alimtazama ovaroli lililojaa madoa, akatikisa kichwa. "Mafundi mlango wa nyuma. Na leo hakuna kazi, wodi ya wanaume wamesema mpaka mwezi ujao."

"Sikuja kupaka. Nina mgonjwa."

"Wote mnasema hivyo, halafu mnanichafulia korido."

"Kaka, nakuomba. Kuna mtoto humo ndani, nina maneno yake."

"Una maneno yake? Basi nipe mimi nimpelekee."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mama Rangi hakubishana. Alifungua zipu ya ovaroli, akalivua pale pale mbele ya watu, akabaki na fulana kuukuu na sketi iliyokunjamana, akaliviringisha na kumkabidhi mlinzi kama rehani. Mlinzi akalipokea, akamfungulia.

Alimkuta Mwalimu sakafuni nje ya chumba cha dharura, kanga imeanguka mabegani. Mwalimu alipomwona alinyoosha mikono kama anayempokea ndugu. "Umekuja! Mungu akubariki, umekuja! Niko peke yangu..."

Mama Rangi alimpita. Hakuweza kuikubali mikono ile. Alisukuma mlango, muuguzi akamzuia, naye akasema kwa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo, "Ni sumu. Ni dawa ya wadudu. Ya shamba."

Daktari aligeuka. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imepandishwa kwenye nywele, na nyuma yake mtoto alionekana mdogo sana juu ya kitanda kikubwa, barakoa ya hewa imefunika uso.

"Unasemaje?"

"Rangi ya chumba chake ilichanganywa na dawa ya wadudu. Mtoto anaibandua ukutani anatia mdomoni. Mimi ndiye fundi."

"Mboni zake zilinitia shaka," daktari alimwambia muuguzi, bila kupoteza muda kumshangaa mgeni. "Nimemuuliza mama yake kama wana dawa ya wadudu nyumbani, kaapa haipo."

"Hajui," alisema Mama Rangi. "Iko ukutani."

Daktari alitaja sindano, muuguzi akakimbia. Aliamuru mtoto avuliwe nguo zote, aoshwe mwili mzima kwa sabuni, na gauni lake lifungwe kwenye mfuko. Kisha, akiwa bado ameinama juu ya mtoto, akauliza, "Chupa yenyewe umekuja nayo?"

"Hapana."

"Naanza matibabu bila hiyo, lakini naihitaji. Hizi dawa hazifanani. Nataka kujua ni ipi, na alichanganya kiasi gani. Ifuate, au tuma mtu ailete, vyovyote. Haraka."

Mama Rangi aligeuka kutoka, akamkuta Mwalimu amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Alimpigia mumewe. "Tafuta chupa," alisema. "Sikuombi kitu kingine. Mtoto bado yu hai. Tafuta hiyo chupa uilete, na umlete mdogo wako mwenyewe aseme alitia kiasi gani." Kwa mbali mama mkwe alikuwa anasema, kata, kata hiyo simu. Ikakatwa.

Alipiga tena, haikupokewa; basi aliketi kwenye benchi la korido, kwa maana hata angerudi nyumbani hakuna ambaye angempa chupa. Mwalimu alikaa upande wa pili.

"Ulijua?" Mwalimu aliuliza.

"Nimejua leo. Nilipotoka kwako."

"Nani aliitia?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lingemtoka tu, na pengine lingempunguzia mzigo kidogo: si mimi, ni yule kijana, mimi sikuwepo. "Ni msaidizi wangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na kazi nyingine."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayemsikiliza mtoto akitoa sababu ya kuchelewa. "Mimi sikumwita msaidizi. Watu waliniambia yuko mwanamke mmoja, mwaminifu, kazi yake safi. Nikasema afadhali mwanamke, anajua chumba cha mtoto ni nini. Nilikuita wewe. Ufunguo wa nyumba yangu nilikupa wewe."

"Ndiyo."

"Mchana nilikuwa namfungia humo alale. Unanielewa? Nilikuwa nafunga dirisha asipigwe na baridi. Mimi. Kwa mikono yangu." Aliitazama mikono ile, kisha akaanza kulia bila sauti, mabega yakiruka. Mama Rangi alinyoosha mkono. "Usiniguse," alisema Mwalimu.

Walikaa. Mlango wa dharura ulifunguka na kufungwa, na kila ulipofunguka wote wawili waliinuka kidogo, kisha wakaketi. Mama Rangi aliomba kimoyomoyo, lakini hata maombi yalichanganyika: aliomba mtoto apone, akajikuta anaomba asiende jela, akaona aibu, akaanza upya.

Baba Kidoti alitokea mwisho wa korido, amelowa chapachapa, anamvuta Chapuchapu kwa mkono. Macho ya kijana yalikuwa mekundu. Kifuani alikumbatia mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kulikuwa na chupa ya kahawia.

"Nimeitafuta banda zima," alisema Baba Kidoti, akihema. "Kumbe Mama aliificha. Uvunguni kwake." Alijifuta maji usoni. "Uvungu huo huo, mke wangu. Kitanda anacholala na Kidoti. Kizibo kilikuwa kinavuja. Nilimwambia Mama, hebu inuse hiyo sakafu, halafu uniambie tena niikate simu. Akaitoa mwenyewe."

"Kidoti yuko wapi?"

"Hajambo. Nimempeleka kwa jirani, ameshaoga. Hajambo."

Daktari alikuja. Alivaa glavu, akaichukua chupa, akainusa kwa mbali, akaiinua kwenye taa. Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Ulitia kiasi gani?"

"Kidogo tu, dokta. Nilimimina hivi..." Aliinamisha kiganja kana kwamba anamimina. "Labda robo ya chupa."

"Chupa ilikuwa imejaa?"

"Ilikuwa imejaa."

Daktari aliitingisha. Chini kabisa kulicheza maji kidogo tu. "Basi iliyobaki iko wapi?"

Mama Rangi alimtazama shemeji yake, akaona anavyotafuta ukuta wa kuegemea, na kabla hajafumbua mdomo alikwisha jua.

"Nyumba ipi?" alimuuliza.

"Shemeji..."

"Nyumba ipi?"

"Kwa Bibi Mkunga."

Bibi Mkunga alikuwa mkunga mstaafu aliyeishi peke yake nyuma ya kiwanda cha mbao. Walimpakia rangi chumba kimoja tu, cha kulala, mara baada ya kumaliza kwa Mwalimu. Pale nako Mama Rangi alipita tu na kusema safi. Bibi hakuwa na simu wala mtu.

"Kwake nilitia zaidi," alinong'ona Chapuchapu. "Ukungu wake ulikuwa mkubwa."

"Nendeni," alisema daktari. "Polisi nitawaita mimi, huo ni wajibu wangu, na nyinyi mtarudi hapa kuandika maelezo. Lakini huyo hawezi kusubiri maelezo. Mkimkuta yumo, mtoeni nje kwanza, mengine baadaye. Na msishike ukuta."

Walipanda wote watatu pikipiki moja, Baba Kidoti akiendesha, Mama Rangi katikati. Mvua iliwapiga usoni. Nyuma yake alisikia meno ya Chapuchapu yakigongana. "Nikimbie tu, shemeji," alisema sikioni mwake walipopunguza mwendo kwenye makutano. "Niache niruke hapa." Mama Rangi alirudisha mkono nyuma, akamkamata suruali kiunoni, na hakuiachia mpaka walipofika.

Mlango wa Bibi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Walibisha. Redio ilikuwa inazungumza peke yake, mtu anasoma habari za bei za mazao. Walibisha tena, wakaita, Baba Kidoti akazunguka dirishani akagonga kioo. Pazia halikutikisika. Fremu ya dirisha ilikuwa nyeupe, mpya, imenyooka bila doa. Mkono mzuri wa Chapuchapu.

Chapuchapu alichuchumaa matopeni akajifunika kichwa. "Nimemuua," alisema. "Nimemuua bibi wa watu."

"Simama!" Mama Rangi alimfokea, kwa sababu na yeye alikuwa anaelekea kuchuchumaa. "Simama tuvunje mlango."

Waliupiga bega, yeye na mumewe, mara ya kwanza bure, mara ya pili komeo likang'oka. Harufu iliwapokea, ile ile, nzito. Mama Rangi alijifunga kitambaa puani, akaingia chumba cha kulala. Kitanda kilikuwa kitupu, hata godoro halipo. Alisimama hapo haelewi, akiutazama ukuta mweupe unaong'aa kwa jasho lake, mpaka aliposikia kikohozi upande wa jiko.

Bibi Mkunga alikuwa amelala jikoni, godoro limetandikwa kati ya mitungi ya maji na kabati. Uso ulikuwa unameremeta kwa jasho, machozi na mate yanamtoka bila kulia. Alijitahidi kuinua kichwa.

"Mama Rangi," alisema kwa sauti nyembamba. "Mbona mmevunja mlango? Ningekuja. Miguu tu leo imegoma."

"Bibi, tunakupeleka hospitali."

"Rangi ni nzuri. Nzuri sana. Harufu tu ndiyo iliyonishinda, nikahamia huku. Sikutaka kumtuma mtu aje kuwasumbua, mkaona mzee ana maneno mengi. Mlinifanyia bei ya kunihurumia."

Mama Rangi alipiga magoti. Maneno yalimwia mazito kuliko hata yale ya hospitali, maana huku hakuna aliyemuuliza, na bibi alikuwa anamshukuru. "Bibi, nisikilize. Kazi niliyokufanyia ilikuwa na sumu. Ndiyo inayokuumiza. Kosa ni langu."

Bibi alimtazama, akipumua kwa shida. Alikuwa amepokea watoto wengi wa mji ule, na wengine hakuwapokea wazima. Alijua sura ya mtu anayeogopa. "Basi usikae hapo unaniambia," alisema. "Ninyanyue."

Chapuchapu ndiye aliyembeba. Alimbeba kifuani kama mtoto, mpaka barabarani, analia kwa kwikwi, huku Mama Rangi akisimamisha kila gari lililopita, hadi pikapu ya kiwanda ikasimama.

Walipoingia tena korido ile, Mwalimu alikuwa bado kwenye benchi. Alimwona bibi, ule mwili mwembamba uliolowa, mkono unaoning'inia. Aliinuka. Kwa Mama Rangi hakuangalia hata kidogo. Alikwenda akausukuma mlango wa dharura, akaushikilia kwa mgongo wake wapite, na bibi alipopita aliuinua ule mkono unaoning'inia akaulaza kifuani.

Mtoto alikuwa amefumbua macho. Daktari alisema hatari haijaisha, sumu hii huweza kurudi kama mwizi, watamwangalia usiku kucha na kesho na kesho kutwa. Lakini alikuwa anapumua mwenyewe, na ameomba maji. Kuhusu bibi alisema ni mapema mno kusema lolote.

Askari aliyekuja alikuwa mwanamke mtu mzima, amechoka. Alikaa mezani kwenye chumba cha kufungia vidonda, akafungua kalamu. "Nani alichanganya?"

"Mimi," alisema Chapuchapu.

"Na kazi ilikuwa ya nani?"

"Yangu," alisema Mama Rangi. "Mimi ndiye niliyeipokea kazi, na mimi ndiye niliyesema ni safi bila kuikagua. Zote mbili."

Askari alimwangalia. "Unajua hilo linaweza kukupeleka wapi?"

"Sijui. Naogopa kukuuliza."

"Basi andika hivyo hivyo ulivyosema," alisema askari, akaisukuma kalamu upande wake.

Alikuwa hajaishika wakati simu yake ilipoita. Ilikuwa namba ya jirani, na aliyezungumza alikuwa mama mkwe. Mama Rangi alisogea pembeni, akajiandaa.

"Mtoto anaendeleaje?" aliuliza mama mkwe.

"Yuko na askari. Amesema mwenyewe, hakupigwa. Nadhani watamweka ndani leo, mpaka..."

"Simuulizii huyo."

Mama Rangi aliibana simu sikioni.

"Yule wa watu," alisema mama mkwe. "Yule wa kike."

"Anapumua, Mama. Ameomba maji."

Kwenye simu kulikuwa na mvua tu inayopiga mabati, na mtu anayevuta pumzi ndefu. "Kidoti anakuuliza," mama mkwe alisema mwishowe. "Nimwambie unarudi saa ngapi?"

Mama Rangi aliitazama meza, karatasi nyeupe, askari aliyekuwa anangoja kwa subira. Shemeji yake alikuwa amekaa ameshika magoti. Mama Rangi alitaka kutaja saa yoyote, saa tu ya kumliwaza mtoto, lakini hakuipata.

"Mwambie ale, alale kwa jirani," alisema. "Mwambie nipo kazini, sijamaliza."

Kisha akarudi mezani, akaivuta karatasi karibu yake.